Mawazo ndiyo yamemuua?

Nimerudi toka msibani Kiabakari. Shangazi yangu kafariki kwa kansa ya ovari, na pale chini ya turubai wazee walikuwa na jibu moja tu: mawazo. Tangu mumewe amkimbie, hakuwa analala. Mzee mmoja akaongeza, "Hata Mwalimu, mawazo ya nchi ndiyo yalimmaliza." Butiama ni jirani, habari za Mwalimu kule ni za nyumbani. Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa kansa ya damu. Kwamba mawazo ndiyo yaliileta, sijaona ushahidi.

Nikaanza kuchimba. Kumbe hoja ya wazee ni kongwe! Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya pili, aliamini kansa inatokana na nyongo nyeusi, ile ile iliyodhaniwa kuleta huzuni.

Halafu njoo Mulago, Kampala. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Mwaka 1982 ikajulikana kwamba katika uvimbe huo jeni iitwayo MYC imehama mahali pake na kuwaka bila kuzimwa. Mtoto wa miaka sita ana mawazo gani ya ndoa, jamani?

Lakini wazee hawakukosea kabisa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwabana panya wenye kansa ya ovari sehemu finyu, siku baada ya siku. Homoni za msongo zikaamsha jeni zinazoita mishipa mipya ya damu, uvimbe ukapata chakula, ukakua haraka. Walipowapa propranolol, dawa ya kawaida ya presha, athari ile ikazimika. Mwaka 2009 wakapima uvimbe wa wanawake wenye kansa hiyo hiyo: kwa wenye sonona na upweke, jeni zaidi ya 200 zilikuwa zimechangamka kuliko kwa wenzao.

Angalieni hapo. Wote, panya na wanawake, walikuwa na kansa tayari. Kuchochea moto na kuuwasha ni vitu viwili, na hilo la kuwasha halijathibitishwa.

Binamu yangu, aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho, alinivuta pembeni. "Kaka, ni mimi niliyemtia mawazo?" Nikamwambia hapana. Habari za panya nimezibakiza mpaka tuanue tanga.