Kichujio kisichochuja

Kwenye kibanda kimoja cha chai hapa Ruring'u, mama muuzaji huweka kichungi juu ya kikombe, kisha humimina. Majani hubaki, chai hupita. Aliishi Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi Nyeri, na Kiswahili chake kina chumvi ya huko. Siku moja alianua leso yake kambani, akainyoosha mbele yangu na kusema, "Tazama, mwalimu, imechuja." Nilibaki nimeshika kikombe bila kunywa.

Wiki hiyohiyo mwanafunzi mmoja wa fizikia alikuwa ameniuliza tukiiteje kwa Kiswahili kile kibamba cha metali kinachoteua rangi za mwanga. Nilimjibu harakaharaka: kichungi. Jibu hilo halikuniridhisha.

Kuchunga ni kazi ya matundu. Unga laini hupita, chenga hubaki; mwamuzi ni ukubwa. Mwanga hauendi hivyo. Mwaka 1998 Thomas Ebbesen na wenzake walitoa taarifa ya utando wa fedha wenye unene wa nanomita 200, uliotobolewa matundu ya nanomita 150, yakiwa yamepangwa kila baada ya nanomita 900. Unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo hayo ni matundu ambayo jicho haliwezi kuyaona. Kwa hesabu ya chekeche, mwanga wenye mawimbi marefu kuliko tundu ungekwama karibu wote. Lakini kwa mawimbi fulani ulipita mwingi kuliko ule ulioangukia matundu yenyewe! Metali ilikuwa imeshiriki kazi. Elektroni za usoni mwake ziliuitikia mwanga, zikayumba kwa pamoja, na nguvu hiyo ikatokea upande wa pili ikiwa mwanga tena. Wimbi lipi lipite, liliamuliwa hasa na umbali kati ya tundu na tundu.

Kuyumba huko kwa pamoja ndiko plazmoni. Mzizi wake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichofinyangwa. Sioni haja ya kulibadilisha, kwa kuwa limeketi vizuri karibu na elektroni na protoni. Darasani hulifafanua kwa neno mrindimo: ngoma moja ikilia, ngozi ya ngoma ya jirani nayo hutetemeka, mradi midundo yao ilingane. Elektroni nazo hurindima kwa mwanga unaolingana nazo tu.

Turudi kwenye leso. Tui huchujwa na nguo huchuja: kitenzi kimoja, kwanza ni kuondoa kisichotakiwa, pili ni kupoteza rangi. Katika mwanga maana hizo mbili hukutana, maana kuuchuja mwanga ni kuupunguzia baadhi ya rangi zake. Chukua kipimo cha mimba kutoka duka la dawa. Ule mstari mwekundu, katika vipimo vingi, ni chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita. Elektroni zake hurindima kwa mwanga wa kijani na kuumeza, na wekundu ndio unaolifikia jicho la mama anayesubiri majibu.

Dhahabu hiyo haikutiwa rangi yoyote, na hapa lugha yetu inabanwa kidogo, kwani rangi kwetu ni ile tunayoiona na pia ile iliyomo koponi. Hii ya metali haitoki koponi. Inatokana na ukubwa wa chembe, umbo lake na mpangilio wake, ndiyo maana jua haliipaushi kama linavyopausha rangi ya kitambaa. Kule British Museum, London, kuna kikombe cha Kirumi cha karne ya 4, kiitwacho Kikombe cha Lycurgus. Kioo chake kina chembe ndogo mno za dhahabu na fedha. Ukikimulika kwa mbele ni kijani. Taa ikiwa ndani, huwa chekundu. Imepita miaka zaidi ya 1,600, na hakijachuja.

Nimemwandikia mwanafunzi wangu kufuta jibu langu la kwanza. Aandike kichujio cha plazmoni, na wahariri wa vitabu vya sayansi nawaomba wafanye vivyo hivyo. Kichungi kibaki kwenye chai.