Kile kimya katikati ya nyimbo kilitoka wapi?

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha za programu. Naandika kuhusu kimya, kile kifupi ambacho simu hukiweka kati ya wimbo mmoja na unaoufuata, hata pale ambapo wanamuziki wenyewe hawakusimama.

Kisa changu kinaanzia kwenye kanda ya mama. Ni taarab ya harusi, dakika 90, na mpiga udi haachi kupiga mpaka upande uishe. Wimbo ukikaribia mwisho vigelegele vinapanda, na wimbo wa pili unazaliwa humo humo ndani ya vigelegele. Mwaka 2009 niliinakili kwenye tarakilishi, nikaikata vipande ili mama aweze kuruka hadi wimbo autakao, kisha nikavibana kuwa MP3. Kila upande ulikuwa megabaiti 476 kabla ya kubanwa na 43 baada yake. Diski ilikuwa imejaa, nikafuta zile faili kubwa. Miezi michache baadaye redio ikaila kanda yenyewe.

Mwaka 2011 nikajiandikia kichezeshi changu cha muziki kwenye Android, nikampa mama asikilize. Akavua vile vya masikioni akaniuliza, "Mwanangu, mbona kanda yangu inakata pumzi?"

Nilidhani kosa ni langu. Nusu yake ilikuwa kweli.

Nusu nyingine ni ya zamani. MP3 ilitokana na kazi ya Karlheinz Brandenburg na wenzake, wengi wao wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, na ikaingia katika kiwango cha MPEG-1 kilichokamilishwa 1992. Inabana sauti kwa mafungu, yaitwayo fremu, na kila fremu ina sampuli 1,152, si zaidi, si pungufu. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 26. Sasa chukua wimbo wa dakika 3 na sekunde 20. Huo una sampuli 8,820,000. Gawa kwa 1,152: unapata fremu 7,656 na sampuli 288 zinabaki nje mlangoni. Hakuna robo fremu. Zile 288 lazima zipewe fremu nzima, na nafasi iliyobaki inajazwa kimya.

Huo ni mkia. Kichwani kuna kingine: hesabu za kubana huchelewesha sauti kidogo, na za kuifungua huichelewesha tena. Kwa LAME, programu huria ya kubana iliyoanza 1998, ucheleweshaji wa kawaida ni sampuli 576, na wa kufungua ni 529. Jumla 1,105, yaani milisekunde 25 za kimya kabla udi haujalia. Na kiwango hakikuacha mahali popote pa kuandika urefu halisi wa wimbo! Kichezeshi hakina njia ya kujua kimya kipi ni cha mwanamuziki na kipi ni cha mashine. (Mimi nimewahi kuunda jedwali la hifadhidata na kusahau safu moja muhimu, kwa hiyo siwacheki sana.)

Wengi hawakugundua, kwa sababu nyimbo nyingi za redio hufifia zenyewe au huisha kabisa. Walioumia ni wasikilizaji wa opera, wa maonyesho ya jukwaani, wa Pink Floyd na The Dark Side of the Moon ya 1973, na mama yangu.

Dawa ya kwanza niliyoipenda ilitoka kwa hao hao wa LAME: katika fremu ya mwanzo isiyo na muziki waliandika ni sampuli ngapi zikatwe mbele na ngapi nyuma. Kichezeshi kinachojua kusoma hesabu hiyo kinakata, mchezo umekwisha. Ogg Vorbis na FLAC hazikuhitaji ujanja huo, zinabeba urefu halisi tangu mwanzo. Lakini iPod, iliyotoka Oktoba 2001 kwa ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni, ilikaa karibu miaka mitano hadi Apple ilipoleta uchezaji usio na pengo Septemba 2006, pamoja na iTunes 7.

Na nusu yangu mimi? Kwenye Android za mwanzo, wimbo ulipoisha programu yangu iliarifiwa, ndipo ikafunga faili, ikafungua nyingine, ikaitayarisha, ikaanza. Kwa simu ya bei nafuu, kazi hiyo ilizidi kwa mbali zile milisekunde 25. Android 4.1 ya mwaka 2012 ilileta setNextMediaPlayer, yaani unamweka mchezaji wa pili tayari kabla wa kwanza hajamaliza. Mwaka 2014 Google ikatoa ExoPlayer, ambayo baadaye ilijifunza kusoma zile hesabu za kukata.

Wengine walichagua njia ya mkato: kufifisha wimbo huu huku ule ukipanda. Mimi naiita kufunika shimo kwa mkeka. Kwenye disko sawa, lakini kwenye taarab ya mama inakula vigelegele viwili kila maungio.

Jambo moja zaidi lilinishika. Kusawazisha sauti kwa ReplayGain, pendekezo la David Robinson la 2001, kuna namna mbili, kwa wimbo au kwa albamu nzima. Niliwasha ya wimbo, na hapo hapo kila maungio yakawa na kidato, kwa sababu kipande cha polepole kilipandishwa na cha shangwe kikashushwa. Kanda iliyokatwa vipande inataka ile ya albamu, basi.

Faili za mama hazina hesabu za LAME. Programu ya bure niliyotumia 2009 haikuziandika, na faili kubwa unajua zilikoenda. Kwa hiyo nimefungua kila kipande, nikakata kichwa na mkia kwa kutazama mawimbi ya sauti na kwa sikio, nikaviunga na kuhifadhi kuwa FLAC. FLAC hairudishi kilichopotea, lakini haitaongeza kimya kingine. Upande A umekamilika. Upande B una maungio mawili yanayokwaruza, moja likiwa pale bibi harusi anapoingia. Hilo mama amesema tulikate pamoja, yeye akishika saa.