Pua ya Bwana McGregor

Riwaya yangu ina shangazi mmoja ambaye nimemwandika upya mara nne na bado hasimami. Mhariri mmoja aliyeusoma mswada alinishauri nimfute. Kwa hasira nikaenda kusoma habari za mtu mwingine aliyechoshwa na kazi yake mwenyewe: Beatrix Potter, yule Mwingereza aliyechora sungura kwa rangi za maji.

Tarehe 4 Septemba 1893, akiwa Scotland, Potter alimwandikia mtoto mgonjwa, Noel Moore, hadithi ya sungura yenye vipicha vya wino. Basi, barua tu. Miaka kama saba baadaye akaiazima barua ile, akainakili, akaongeza maneno na michoro. Wachapishaji wakaikataa. Desemba 1901 akatoa fedha zake, zikapigwa chapa nakala 250, picha za ndani bila rangi.

Kampuni ya Frederick Warne ilipokubali, ilitaka picha zote ziwe za rangi. Potter alikuwa na wasiwasi: sungura na majani, kahawia na kijani tupu, kuna nini hapo cha kutazama? Hata hivyo akaketi, akaanza upya picha alizokwisha kuzimaliza.

Sungura walimtii. Alikuwa amefuga wake nyumbani, jina lake Peter, akamchora miaka na miaka. Taabu ilikuwa binadamu. Kaka yake na Norman Warne walitazama picha ya Bwana McGregor, mwenye bustani, wakaona pua. Kumbe lile lilikuwa sikio! Mie nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kulikoni. Lakini katika barua zake za 1902 kuna jambo lisilochekesha: anasema hakujifunza kuchora watu, na kwamba amezichoka picha zile hata anaanza kuziona mbovu kabisa.

Kitabu kilitoka Oktoba 1902, na nakala 8,000 za kwanza zilikwisha kununuliwa kabla ya siku yenyewe. Hebu fikiri, picha alizoziona mbovu!

Mwaka 1903 picha nne ziliondolewa ili karatasi za rangi za ndani ya jalada zipate nafasi. Mojawapo ilikuwa ya mke wa McGregor akiandaa pai, na nyama ya pai ile ni baba yake Peter. Zilirudishwa mwaka 2002, kitabu kilipotimiza miaka mia. Potter alikuwa amefariki tangu 1943.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi wangu wa kwenye karatasi. Potter alikuwa na sungura hai mbele yake. Mimi mwanamke yule nilimtoa kichwani tu, nikampa hasira na khanga, nikadhani yametosha.

Jumamosi nilipanda basi hadi Muheza kwa shangazi yangu hasa, dada yake baba. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona huniambii una shida gani?"

Nikamwambia sina shida, nimekuja kukaa tu. Akanitazama, akanisogezea ungo.