Mama Aliyekanwa: Sitiari ya Uzazi katika Ushairi wa Kizalendo wa Ufilipino

Wahakiki wengi wa ushairi wa kizalendo huzichukulia tamathali kama pazia: mshairi anamwogopa mkoloni, kwa hiyo anafumba. Nchini Ufilipino maelezo hayo yana mashiko kwa Francisco Balagtas, ambaye kisa chake cha Florante at Laura (1838) kinatendeka Albania, ingawa wengi wamekisoma kama kilio cha Ufilipino. Hayatoshi, hata hivyo, kwa mashairi matatu yaliyojibizana kati ya 1888 na 1896. Humo sitiari ya mama na binti haikuficha lolote. Yenyewe ndiyo iliyokuwa hoja.

Hermenegildo Flores ndiye aliyeanza. Katika shairi lake, Ufilipino ni binti anayemlilia mamaye, Uhispania, juu ya watawa wa Kikatoliki wanaowanyonya watu. Kumwita mtawala mama si unyenyekevu mtupu. Mama ana wajibu, na aitwaye hivyo amekwisha kudaiwa. Marcelo H. del Pilar akajibu mwaka 1889 kwa sauti ya mama mwenyewe, na hapa ndipo penye ustadi mkubwa kuliko pote katika majibizano haya: mama anakiri kwamba hana la kufanya, kwani watawa haohao wamemdhoofisha na yeye. Del Pilar alikuwa mwanamageuzi. Wakati huo alitaka Wafilipino wawakilishwe katika bunge la Madrid, si kujitenga. Lakini mama akishakiri kwamba hawezi kumlinda mwanawe, amemfungulia mlango aondoke, mshairi awe alikusudia hivyo au la.

Andres Bonifacio akaupita mlango huo. Katika shairi la tatu, lenye beti za mishororo minne kama la Flores, binti anamhesabia mama mateso yake yote, kisha anamkana. Ukilisoma peke yake, ghadhabu yake huonekana ya ghafla. Ukilisoma baada ya mawili ya kwanza, utaona kwamba halikuwa na njia nyingine.

Nafasi ya mama haikubaki wazi. Katipunan, chama cha siri kilichoundwa mwaka 1892 na Bonifacio na wenzake, kiliiweka humo nchi yenyewe, na wafuasi wakajiita wana wake. Mwanahistoria Reynaldo Ileto, katika utafiti wake wa 1979, ameonyesha jinsi lugha hiyo ilivyochota katika pasyon, masimulizi ya mateso ya Yesu yanayoimbwa wakati wa Kwaresima, ambamo Mwana humuaga mamaye kwenda kufa. Naafiki. Ila pasyon inaeleza kwa nini mkulima aliielewa sitiari hii upesi. Haielezi kwa nini mama mmoja aliondolewa na mwingine akawekwa. Kazi hiyo ilifanywa na majibizano.

Wamarekani walioitwaa nchi baada ya Uhispania waliliona hilo mapema kuliko baadhi yetu wahakiki. Walitunga sheria ya uchochezi mwaka 1901, na Aurelio Tolentino alipomleta jukwaani Inangbayan, yaani Mama Nchi, katika tamthilia yake jijini Manila mwaka 1903, alikamatwa na kutiwa hatiani.