Nishida wa Kasoge

Ukitaja sokwe mjini Kigoma, kabla hujamaliza sentensi utajibiwa Gombe na Jane Goodall. Gombe ni jirani, kaskazini tu ya mji. Kasoge iko mbali kusini, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya ziwa, chini ya milima ya Mahale. Huko ndiko Toshisada Nishida, mwanafunzi wa Junichiro Itani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alikopiga kambi mwaka 1965 akiwa na miaka 24. Wajapani walikuwa wamekwisha kujaribu kuwachunguza sokwe huko Kabogo tangu 1961, bila mafanikio makubwa.

Nishida aliwaza kama mkulima: akapanda miwa. Mwaka 1966 sokwe wakaanza kuingia shambani. Kundi la kwanza likaitwa K. Baadaye likaja kubwa zaidi, la M, na kila lilipokaribia, wale wa K walijiondoa mapema. Kwa kutazama kupishana huko aling'amua jambo lililokuwa halijaeleweka hata Gombe: sokwe hawatangitangi ovyo porini, wana jumuiya zenye watu wake na mipaka yake. (Nimeandika "watu", na sifuti.) Aliliandika mwaka 1968. Kwangu mimi hakuna ugunduzi wa Mahale unaoushinda huo.

Unaochekesha ni mkasa wa Kamemanfu. Mwaka 1976 Kasonta, mkubwa wa kundi la K, aligombea ukuu na Sobongo. Kamemanfu, wa tatu kwa cheo, hakuwa na ubavu wa kumshinda yeyote kati yao. Basi leo yuko na huyu, kesho na yule. Aliyemwegemea ndiye aliyetamba, na kwa kuogopa kumkosa walimvumilia hata alipowaendea majike. Nishida alichapisha habari hizo mwaka 1983. Kwa tabia hiyo Kiswahili kilikuwa na neno tangu zamani sana: kigeugeu.

Msitu Nishida aliusoma kwa macho ya Watongwe, wenyeji wa huko, waliojua mti upi huliwa na upi hutibu. Ujuzi huohuo ulizaa tafiti za sokwe wanaojitibu: mwaka 1987 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe, walimwona jike mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha mmea uitwao mjonso.

Nishida alipigania Mahale iwe hifadhi ya taifa, ikawa mwaka 1985, kilomita za mraba 1,613. Watongwe wengi walikuwa wamekwisha kuondoka mlimani tangu enzi za vijiji vya ujamaa. Mwaka 2008 Nishida alitunukiwa Tuzo ya Leakey pamoja na Goodall. Akafariki Juni 2011.

Maandiko yake yako kwa Kijapani na Kiingereza. Waliomfyekea njia bado wana watoto na wajukuu kando ya ziwa. Mwenye kinasa sauti na nauli ya boti awafuate, awahoji kwa Kiswahili.