Namba Zilezile, Bingwa Mwingine: Historia ya Kutenganisha Timu Zilizolingana katika Futiboli ya Kimarekani

Mwaka 2008 timu ya New England Patriots ilishinda mechi 11 na kupoteza 5, lakini haikuingia hatua ya mtoano. Msimu huohuo San Diego Chargers ilishinda 8 na kupoteza 8, ikaingia kama bingwa wa kundi lake. Nilipouona msimamo huo kwa mara ya kwanza nilidhani umechapwa vibaya. Baadaye nilielewa kwamba haukuwa na kosa lolote, na hapo ndipo swali la insha hii lilipoanzia. Sisi wanafunzi wa historia hupenda kuamini kwamba namba hazina upande. Katika insha hii ninajaribu kuonyesha, kwa mfano wa ligi ya NFL ya Marekani, kwamba namba za msimamo hazisemi lolote mpaka mtu aamue zisomwe kwa kanuni gani.

Tuanze na miaka ya mwanzo. Ligi hiyo iliundwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Haikuwa na fainali. Bingwa wake wa kwanza, Akron Pros, alipatikana kwa kura za wawakilishi wa timu katika kikao cha mwaka 1921. Mwaka huohuo wa 1921 ulizuka ugomvi mkubwa. Siku ya Shukrani, Novemba 24, timu ya Buffalo iliifunga Chicago Staleys 7 kwa 6. Timu hizo zilirudiana Desemba 4 na Staleys wakashinda 10 kwa 7. Buffalo walidai kwamba marudiano hayo yalikuwa mechi ya kirafiki tu, kwa hiyo wao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja. Staleys, chini ya George Halas, walisema mechi ni mechi. Kama ingehesabiwa, timu zote mbili zingekuwa na ushindi mara 9 na kushindwa mara 1, kwa kuwa sare hazikuingizwa katika hesabu. Viongozi wa ligi waliihesabu, kisha wakatumia hoja kwamba timu zikikutana mara mbili, mechi ya mwisho ina uzito zaidi. Staleys wakapewa ubingwa. Mwaka uliofuata wakabadili jina, nao ndio Chicago Bears wa leo.

Kinachonisumbua katika kisa hiki si hoja yenyewe, maana inaweza kutetewa. Kinachonisumbua ni kwamba ubingwa uliamuliwa kikaoni, wakati matokeo yote yalikwisha kujulikana na kila aliyekuwa na hoja alijua itamfaa nani.

Mwaka 1932 ulileta tatizo la namna nyingine. Bears walishinda 6, wakapoteza 1, wakatoka sare 6. Portsmouth Spartans walishinda 6, wakapoteza 1, wakatoka sare 4. Green Bay Packers walishinda 10, wakapoteza 3, wakatoka sare 1. Kwa kanuni ya wakati ule, sare zilitupwa kana kwamba hazikuchezwa. Hivyo Bears na Spartans walilingana kwa ushindi 6 katika mechi 7, na Packers, waliokuwa na ushindi mwingi kuliko wote, wakawa nyuma yao. Kuangalia mechi za wao kwa wao hakukusaidia: Bears na Spartans walikuwa wamekutana mara mbili na kutoka sare mara zote mbili.

Ikaamuliwa wacheze mechi moja zaidi. Chicago ilikuwa na baridi kali na theluji, kwa hiyo Desemba 18 walicheza ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, katika uwanja uliofupishwa hadi yadi 80. Bears walishinda 9 kwa 0. Mechi hiyo iliingizwa katika msimamo, na Spartans waliokuwa wanagombea ubingwa wakaangukia nafasi ya tatu.

Sasa tuchukue kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1972, inayoihesabu sare kuwa nusu ya ushindi na nusu ya kushindwa. Tukiitumia kwa msimamo wa 1932 kabla ya mechi ile ya ziada, Packers wanapata asilimia 75, Spartans karibu 73 na Bears karibu 69. Yaani bingwa anakuwa wa tatu, bila kubadili tokeo la mechi hata moja. Packers walikuwa mabingwa wa 1929, 1930 na 1931. Namna ya kuhesabu sare iliwanyima taji la nne mfululizo. Hata hivyo sidhani walidhulumiwa kama Buffalo wanavyoweza kulalamika, kwa sababu namna hiyo ya kuhesabu ilijulikana kabla ya mpira kurushwa.

Mechi ile ya ukumbini iliacha matunda. Mwaka 1933 ligi iligawanywa mara mbili, na washindi wa pande hizo wakakutana katika fainali. Timu zikilingana kileleni mwa kundi, zilicheza mechi ya ziada. Mnamo 1965 Packers na Baltimore Colts walilingana, wakacheza, na Packers wakashinda 13 kwa 10 katika muda wa nyongeza, ingawa msimu huo walikwisha kuwafunga Colts mara mbili. Lakini makundi yalipokuwa manne mwaka 1967, kulingana kuliamuliwa kwa vigezo. Mwaka huohuo Colts na Los Angeles Rams walimaliza sawa: ushindi 11, kushindwa 1, sare 2. Mechi yao ya kwanza iliisha 24 kwa 24, ya pili Rams wakashinda 34 kwa 10. Colts wakarudi nyumbani wakiwa wamepoteza mechi moja tu msimu mzima.

Leo ligi ina timu 32 katika matawi mawili, AFC na NFC, kila tawi likiwa na makundi manne ya timu nne nne. Timu mbili za kundi moja zikilingana, kwanza huangaliwa mechi za wao kwa wao, kisha matokeo ndani ya kundi, kisha matokeo dhidi ya wapinzani ambao wote wamekutana nao, kisha matokeo ndani ya tawi. Hapo kwenye kigezo cha nne ndipo Patriots walipokwama: Miami walikuwa na ushindi 8 katika mechi 12 za AFC, wao 7. Baadaye huja ubora wa timu walizozifunga na ubora wa wapinzani wote. Tofauti ya pointi, ambayo wapenzi wa kandanda tungeitazama mapema, iko chini kabisa. Naona sababu yake: timu 32 haziwezi kukutana zote, kwa hiyo pointi nyingi dhidi ya mnyonge hazilingani na pointi chache dhidi ya mwenye nguvu.

Mwisho wa orodha upo urushaji wa shilingi. Tusiwacheke. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015, Guinea na Mali walitoka sare ya 1 kwa 1 katika kila mechi ya kundi, na kura ya bahati ikaivusha Guinea.

Kwa kuhitimisha, sidai kwamba orodha ya vigezo huleta haki kamili. Patriots wa 2008 wana haki ya kuuliza kwa nini kigezo cha nne kisiwe cha sita. Tofauti yao na Buffalo wa 1921 ni kwamba jibu lao lilikuwa limeandikwa kabla ya msimu kuanza, na aliyeliandika hakujua litamwangukia nani. Kwa hiyo mwanahistoria akikutana na msimamo wa ligi, au matokeo ya uchaguzi, au sensa, asiulize tu namba ni ngapi. Aulize pia kanuni ya kuzisoma iliwekwa lini, na nani.