Zilipendwa na Nani? Hamu ya Ujana katika Uhakiki wa Nyimbo

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika sana katika vyumba vya walimu nchini ni kwamba nyimbo za vijana wa leo hazina maana. Mwanafunzi akitoa mfano wa wimbo wa genge katika swali la fasihi simulizi, mwalimu huukata kwa wino mwekundu. Akitaja wimbo wa Fadhili William, hupewa alama bila kuulizwa neno. Makala haya yanadhamiria kuichunguza hukumu hiyo kihistoria. Kwamba nyimbo za kale zina uzuri wake, hilo halina ubishi. Linalobishaniwa ni mahali uzuri huo ulipo: je, umo katika wimbo au umo katika sikio la anayesikiliza?

Tuanze na neno lenyewe. "Zilipendwa" ni kitenzi cha wakati uliopita katika kauli ya kutendwa, ambacho watangazaji na wasikilizaji wamekigeuza kuwa nomino. Kama ajuavyo mwalimu yeyote wa sarufi, kauli ya kutendwa huweza kumficha mtenda. Zilipendwa na nani, na wakiwa na umri gani? Jina hili halidai kwamba nyimbo hizo ni bora; linashuhudia tu kwamba kulikuwa na watu waliozipenda. Methali zetu nazo hazitusaidii kuamua. Ya kale ni dhahabu, wasema wahenga, kisha wahenga hao hao wanatuambia kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda.

Hamu ya kale iliwahi kuhesabiwa kuwa maradhi. Mwaka 1688, tabibu Johannes Hofer aliandika tasnifu huko Basel, Uswisi, akaunda neno "nostaljia" kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha kurudi nyumbani na jingine maumivu. Alikuwa akiwaeleza Waswisi waliokonda na kudhoofika ugenini kwa kuwaza kwao. Baadaye Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alisimulia kwamba wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa Uswisi ulipigwa marufuku miongoni mwa askari wao, kwani ukipigwa walilia na kutoroka jeshini. Jambo la maana kwetu sisi wahakiki ni alilolisema baada ya hapo: mgeni akiusikia wimbo huo, haumtikisi hata kidogo. Nguvu yake haikutoka katika muziki. Wimbo ulifanya kazi ya alama ya kumbukumbu, ukawarudishia askari ujana wao, malisho yao na watu waliowaacha. Wahakiki wengi wa leo hawajafika alipofika Rousseau.

Uchunguzi wa karibuni umelitia jambo hili tarakimu. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, waliwasikilizisha watu 108 wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo 28 zilizovuma kati ya 1932 na 1986. Kwa wastani, wimbo uliopendwa zaidi ulikuwa ule uliovuma msikilizaji alipokuwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi. Wahojiwa walikuwa Wamarekani, na si wengi, hivyo tusiifanye namba hiyo sheria. Hata hivyo inalingana na yale wanasaikolojia wanayoyajua kuhusu kumbukumbu: mtu mzima hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyompata kati ya utotoni mwishoni na miaka ya ishirini. Huo ndio wakati wa mapenzi ya kwanza, mshahara wa kwanza na kuondoka kwa wazazi. Wimbo uliokuwa ukichezwa wakati huo hubeba mzigo wote huo, uwe umetungwa vizuri au vibaya.

Hapa Kenya kulikuwa na sababu ya ziada. Kabla ya Capital FM kuanza mwaka 1996, hewa ilikuwa ya shirika moja, Sauti ya Kenya, lililogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Gabriel Omolo alipoimba "Lunch Time" mapema katika miaka ya 1970, kijana wa Kakamega na kijana wa Voi waliusikia katika idhaa moja. Hawakuwa na pengine pa kukimbilia. Kwa hivyo kizazi kile kina kumbukumbu ya pamoja ambayo vizazi vya baadaye, vilivyogawanywa na vituo vya FM, vituo vya lugha za mama na hatimaye simu ya mkononi, haviwezi kuwa nayo. Wazee wanaposema kwamba zamani "sote" tuliimba wimbo mmoja, wanasema kweli. Wanachosahau ni kwamba umoja huo ulitokana na redio pia, wala si ubora wa wimbo peke yake.

Aidha kuna suala la chekecheo. Santuri nyingi mno zilirekodiwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970. Nyingi zilikuwa za kawaida, nyingine mbovu kabisa, na zimesahauliwa. Zilizobaki redioni ni "Malaika", ni "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, ni "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Nyimbo za mwaka huu hazijachekechwa bado. Tunazisikia pamoja na pumba zake zote. Anayelinganisha makundi haya mawili analinganisha unga uliopepetwa na gunia zima la mahindi.

Isitoshe, nyimbo tunazozitukuza zililaumiwa enzi zake, au zilizaliwa na ngoma zilizolaumiwa. Beni ilipozuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, vijana wakishindana katika makundi ya Kingi na Scotchi na kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, baadhi ya wazee na wamisionari waliiona kuwa uigaji usio na staha. Dar es Salaam, mwezi Novemba 1969, viongozi walipiga marufuku muziki wa soul kwa hofu ya kuharibu vijana. Kabaka mwenyewe alijulikana kwa mtindo ulioitwa twist ya Kiafrika, nayo twist ilitoka Marekani. Tunapomwambia mwanafunzi kwamba genge ni uigaji wa Wamarekani, tunarudia shtaka ambalo lingeweza kuletwa dhidi ya vijana wa 1965.

Shtaka la lugha linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana ndilo linalotuhusu walimu wa Kiswahili. Ni kweli kwamba Sheng imetawala nyimbo za jijini tangu Kalamashaka walipotoa "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini wimbo wa Omolo niliotaja una anwani ya Kiingereza, na mtunzi hakuona haja ya kuitafsiri, kwa sababu mfanyakazi wa Nairobi aliyemwimba hakusema "chakula cha mchana". Waimbaji wengi wa wakati ule walijifunza Kiswahili mitaani, kazini na jukwaani. Wengi wao walimaliza masomo kitambo kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Ukizihakiki nyimbo zao kwa kalamu ya upatanisho wa kisarufi, wino hautatosha. Tunawasamehe kwa kuwa tuliwasikia tukiwa vijana.

Je, basi hakuna tofauti yoyote? Ipo, na mtahiniwa anayetaka kuandika jibu lenye uzito aifuate hiyo. Bendi za zamani zilirekodi pamoja katika chumba kimoja. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Katika "Sina Makosa" magitaa yanajibizana kama watu wawili barazani, na sauti inaingia kwa zamu yake. Upande mmoja wa santuri ndogo ulikuwa wa dakika chache tu, kwa hivyo wimbo mrefu wa dansi uligawanywa pande mbili. Mtunzi alilazimika kujua akatie wapi. Katika genge, mdundo hutengenezwa kwanza kwa kompyuta, kisha msanii huupangia maneno juu yake. Melodia hupungua, vina, mizani ya kasi na mchezo wa maneno huongezeka. "Ngeli ya Genge" ya Jua Cali, mathalan, inacheza na neno ambalo mwanafunzi amelizoea katika somo la sarufi. Kwa kipimo cha melodia, Les Wanyika wanashinda bila jasho. Kwa kipimo cha vina na takriri, sina hakika hata kidogo kwamba wangeshinda.

Mtahiniwa asichanganye pia hamu ya kale iliyo maudhui ya kazi na hamu ya kale iliyo upofu wa mhakiki. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anazitazama nyumba za Pate zilizobomoka na fahari iliyotoweka. Haombi Pate irudi. Anaionyesha nafsi yake jinsi dunia inavyopita, na uchungu wa mji ule unasikika hata kwa msomaji asiyewahi kufika Lamu. Wimbo ule wa wachungaji ulimtikisa Mswisi tu. Utenzi huu haumwulizi msomaji alikokulia.

Na chekecheo linaendelea kufanya kazi. Waliokuwa kidato cha tatu "Tafsiri Hii" ilipotoka sasa wamepita miaka 40, na wengine wao ni walimu. Gengetone ilipovuma kuanzia 2018 na wimbo wa Ethic, "Lamba Lolo", baadhi ya waliokuwa wakicheza genge shuleni ndio waliosema kwamba genge, angalau, ilikuwa na ujumbe.